Aliyesikiliza Kwenye Viti vya Watu

Fundi alikuwa akiingia nyumbani kwako anakaa bila kukaribishwa, tena hakai popote. Anauliza kwanza, "Mwenyewe hukaa wapi?" Ukimwonyesha kiti, hata kama baba mwenye nyumba amekikalia wakati huohuo, atasimama mbele yake mpaka kiachwe. Kisha anakaa, anaegemea kama unavyoegemea wewe, anauliza kama huwa unavua viatu, na kama huwa unavua, naye anavua. Hapo ndipo anasema, "Haya, washa." Nimeona watu wazima na heshima zao pale mjini Kasulu wamesimama katikati ya sebule zao kama wageni, wanamtazama fundi wa spika amefumba macho kwenye kochi lao, na soksi zake zina tundu.

Spika haikutoka mikononi mwake mpaka isikilizwe katika nyumba itakamoishi. Waliokuwa na haraka walimwona msumbufu na wakaenda kwa wengine. Hakujali. "Dukani kwangu kila spika ina adabu," alikuwa akisema, "kama mchumba siku ya kuja kujitambulisha. Mimi nataka kumwona akishazoea nyumba."

Nilipanga chumba uani kwake kwa miaka saba. Mimi ni mwalimu wa jiografia, kwetu Tanga, na nilipopangiwa Kasulu nilijiambia ni miaka miwili tu. Kila mwaka niliandika barua ya kuomba uhamisho, na kila mwaka ilimezwa na ofisi fulani bila hata kujibiwa. Niliichukia baridi ya asubuhi ya kule, nikalichukia vumbi jekundu la kiangazi na tope la masika, halafu nikajichukia mwenyewe kwa kuchukia mahali ambapo watu walinipa maharage na ndizi bila kuniuliza kabila. Nasema haya mapema ili msomaji asinidhanie mtu mwema sana. Habari hii ina doa langu, na nitalifikia.

Nyumba ya mbele walikaa Fundi na mke wake, ambaye sote tulimwita Mama. Kiharusi kilikuwa kimemchukua Mama upande wote wa kulia, mguu na mkono, na nusu ya maneno yake. Alilala chumba cha mbele, kichwa kwenye ukuta, siku nzima na mwaka mzima. Swali lililokuja kuivunja nyumba ile lilikuwa moja tu: anachosikia Mama kipo, au hakipo? Na aliyepaswa kulijibu alikuwa ndiye mtu pekee katika wilaya nzima ambaye kazi yake ilikuwa kujibu maswali ya aina hiyo.

Vifaa vyake vilijaa kwenye kikapu kimoja. Alikuwa na maiki ndogo nyembamba kama kalamu, aliyoletewa na ndugu yake kutoka Dar, na simu yenye programu ya kupimia. Simu inatoa sauti inayoanza chini kabisa, chini ya mlio wa ng'ombe, inapanda polepole mpaka juu ya mlio wa mbu, na maiki inasikiliza jinsi spika inavyoipandisha. Spika kamili ingeitoa ngazi yote kwa nguvu ileile. Hakuna spika kamili. Kwenye simu hutokea mstari wenye vilima na mabonde: kilima ni pale spika inapopiga kelele kuliko ilivyoombwa, bonde ni pale inapomeza maneno. Fundi hakuiamini simu kutunza kitu. Aliunakili kila mstari kwa penseli kwenye daftari la hesabu lenye miraba, akaandika jina la mwenye spika na mahali pa kiti. Mimi ninayefundisha watoto kusoma ramani nilizipenda karatasi zile. Zilifanana na nchi yenyewe tuliyokuwa tunaishi, kilima baada ya kilima.

Lakini kupima kwake ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kuamua kama kasoro iliyoonekana kwenye karatasi inasikika na binadamu aliyekaa kwake na chai yake mkononi. Hapo ndipo alipokuwa na misemo. "Bonde jembamba sikio hulivuka bila kulowa." Maana yake, pengo dogo kwenye mstari, hata liwe refu kwenda chini, usihangaike nalo. "Kilima kipana hata asiye na miguu anakiona." Maana yake, uvimbe mpana, hata uwe mdogo, utakuchosha kila siku bila kujua kinachokuchosha. Na ule alioutumia kwa wateja wabishi: "Karatasi haina masikio, na wewe huna penseli. Kaeni pamoja."

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa vitenge karibu na soko, mtu wa pwani kama mimi, Mwislamu safi mwenye utani mwingi. Huyu alisoma kwenye simu yake kwamba spika za aina aliyonunua zina bonde mahali fulani katikati, penye sauti za wanawake. Tangu siku hiyo hakula kwa raha. Kila taarabu aliyoweka aliliona lile bonde. Akamwita Fundi.

Fundi alikwenda na spika mbili zinazofanana, moja ameirekebisha lile bonde, nyingine ameiacha, akazificha nyuma ya kitenge kilichotundikwa kutoka dukani kwa mwenyewe. Nilikuwepo, nilikuwa nimefuata kanga. "Nyoosha kidole kwenye ile yenye ugonjwa," akamwambia, na akabadilisha waya mara kumi na mbili. Yule bwana alifumba macho, akakunja uso, akanyoosha kidole kwa uhakika wote wa mtu anayemtambua mdeni wake njiani.

"Umepatia mara sita," Fundi akasema.

"Sita! Si haba."

"Sita katika kumi na mbili, Alhaji. Hata mbuzi angepatia sita. Wewe huumwi na spika, unaumwa na karatasi."

Alhaji alinuna wiki mbili. Wiki ya tatu alikuja uani mwenyewe na sahani ya halua kusema kwamba wanawake wa taarabu wamerudi.

Kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu Fundi alikuwa na mteja mwingine, mchungaji Mkongo aliyependa kusikiliza mahubiri yake mwenyewe nyumbani baada ya kuyahubiri. Alileta sabufa yake dukani akilalamika, "Fundi, hii bafle yangu iko nalia mubaya. Batu banasema niko na mafua." Dukani, penye kuta za tofali, karatasi ilionyesha kilima kikubwa huku chini kwenye besi. Fundi akasema lazima aende nayo kambini. Alikaa kwenye kigoda cha mchungaji, chini ya paa la turubai, akasikiliza, akapima, akacheka peke yake. Kile kilima hakikuwepo. Besi nzito ilikuwa inapita kwenye turubai na kwenda zake juu. Kilichobaki ni waya mmoja uliokuwa umelegea, ndio uliokuwa na mafua. "Mchungaji," akamwambia, "siku mkijengewa paa la bati na dari, niite. Leo nyumba yako imeshakutibu." Mchungaji akasema, "Asante, lakini paa ya dari, papa, Mungu ndiye anajua."

Aliporudi alinisimulia hadithi hiyo mara tatu, na kila mara alimaliza hivi: kasoro haiishi ndani ya spika, inaishi kati ya spika, chumba na kichwa cha mtu. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo vitatu, umepima hewa. Niliikumbuka sana sentensi hiyo baadaye, na nadhani yeye aliikumbuka zaidi.

Alikuwa na vituko vyake. Mtu aliyeishi kwa sikio, hakuwahi kukaa akafurahia wimbo. Kwenye misiba, spika za kukodi zilimtesa waziwazi. Nilimwona akiinuka katikati ya salamu za rambirambi, akaenda kukaza skrubu fulani, akarudi kukaa kama aliyetoka kufukuza nzi. Akiwa juu ya bodaboda njia ya Heru Juu, kwenye shamba lake, angemgonga dereva begani asimame ili asikilize nyumba ya watu: "Koni imechanika hapo. Hawajui." Sikio kama hilo, na bado Mama, enzi za uzima wake, angemwita kutoka jikoni mara tatu, mara nne, chakula kinapoa, naye hasikii. Mama alikuwa na neno lake juu ya hilo, na alilisema mbele ya wageni: "Mzee wangu anasikia kila kitu kisichokuwa na mdomo." Tulicheka. Naye Fundi alicheka. Hakuna aliyelichukua kama onyo.

Alimpenda, hilo nalisema bila kusita. Kiharusi kilipompata, wanaume wengine wangemrudisha kwao wakasingizia kazi. Yeye alimwogesha mwenyewe, alimgeuza, alimlisha kwa kijiko akimpigia soga. Na kwa kuwa lazima aende dukani, naye hakutaka Mama abaki na ukimya wa kutazama dari, alimtengenezea spika. Si ya kununua. Alichonga boksi mwenyewe kwa mbao za mninga, akalipiga msasa mpaka likawa laini kama shavu. Ndani yake akaweka kazi yake bora. Kisha akatafuta kanda ya kwaya ambayo Mama aliimba ujanani, sauti ya pili, akaihamishia kwenye simu ya zamani ili ijirudie siku nzima. Ilikuwa mwezi wa Julai, mavuno yamerudi kutoka Heru Juu, na magunia ya mahindi na maharage yalipangwa chumbani humo mpaka usawa wa dirisha, kwa sababu stoo inavuja. Wenyeji hufanya hivyo, chakula hulala na watu. Alipima. Mstari ulilala chini kama barabara mpya ya lami. Alikuja mbio kunionyesha karatasi uani. Mama akiwa kitandani alisikiliza wanawake wenzake wa zamani, machozi yakamtoka jicho la kushoto, akasema, "Ni wao."

Mimi nilikuwa nikitoka shule saa tisa na nusu, nakwenda kukaa na Mama mpaka Fundi arudi. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, ambako kuna hewa na mwanga wa kusahihishia madaftari. Kwaya inaimba, Mama anafuata kwa midomo, mimi naweka alama za vema na za kosa. Zile zilikuwa saa nzuri. Kwa miezi michache nilisahau hata kuandika barua yangu ya uhamisho.

Mvua za kupandia zilipokaribia, magunia yalikuwa yamekwisha. Mengine tuliyala, mengine yalikwenda sokoni, ya mwisho yalirudi shambani kama mbegu. Chumba kikabaki kitupu, kitanda, kigoda na spika.

Na Mama akaanza kusema kuna mtu ukutani.

"Anaguna," aliniambia siku ya kwanza, taratibu, akitafuta kila neno. "Wakiimba, anaguna."

"Nani, Mama?"

"Mtu. Ukutani."

Nilisikiliza. Kwaya ilikuwa inaimba vizuri kabisa. "Mimi sisikii kitu, Mama," nikasema, na nikarudi kwenye madaftari. Kesho yake alisema tena. Nikamwuliza kama nizime spika. Akashika ukingo wa shuka kwa mkono wake mzima, akatikisa kichwa. "Oya," akakataa kwa Kiha. "Usizime. Mtoe yeye. Waache wale."

Ukimwelewa hapo, umeelewa alivyokuwa amefungwa. Akinyamazisha, anabaki na dari. Akiacha, anabaki na mtu wa ukutani. Hawezi kuinuka, hawezi kujigeuza, hawezi kusogeza kichwa hata shibiri moja. Na sisi wote tuliompenda tulikuwa tunaingia, tunasikiliza kidogo, tunamwambia hakuna kitu, tunatoka.

Fundi alilichukulia kwa uzito, mwanzoni. Akaleta kikapu. Mama alikuwa amesinzia, hakutaka kumwamsha, basi akasimamisha maiki juu ya kigoda changu, pale mlangoni, akapima. Mstari ulikuwa umetikisika kidogo hapa na pale, si wa kutisha. Akaurudia mara mbili. Akakaa kwenye kigoda akasikiliza wimbo mzima amefumba macho. Kisha akamwambia Mama alipoamka, kwa upole wote, "Nimepima, mama watoto. Hakuna kitu. Spika ni nzima."

"Yupo," Mama akasema.

"Nimepima."

Mtu aliyewatoa watu wazima kwenye viti vyao ili akae walipokaa! Katika nyumba yake mwenyewe alikaa palipokuwa na nafasi. Sikuliona hilo wakati ule. Ningeliona wapi, nami kigoda kilikuwa changu?

Iliendelea hivyo mvua zote. Mama akaanza kulia pale besi za wanaume zilipoingia, akawa anaziba sikio moja kwa mkono wake mmoja, na la pili halina wa kuliziba. Usingizi ukampotea. Majirani wakaja kumwombea. Mzee mmoja wa kanisa akauliza kama kuna mtu aliyewahi kufia chumba kile. Minong'ono ikazunguka kwamba ugonjwa sasa umepanda kichwani. Na Fundi, kila aliporudi, akaweka mkono kwenye boksi la mninga kama anayempima mtoto homa, akasema hakuna kitu.

Binti yao mkubwa, aliyeolewa Kibondo, alikuja mahindi yalipoanza kubeba. Ni mwanamke mwema, mwenye haraka. Alikaa siku mbili, akamsikia mama yake akimlilia mtu wa ukutani, kisha akanifuata uani nilipokuwa nafua.

"Mwalimu, wewe ni msomi, na wewe ndiye unayekaa naye kila siku. Niambie kweli. Kuna kitu kinasikika mle ndani?"

Nilikuwa na mikono yenye povu. Hata sikuinuka.

"Hakuna," nikasema.

"Basi ni akili," akasema, na macho yakamjaa. "Nampeleka kwangu. Kuna daktari pale anatoa dawa za hivyo. Baba hawezi haya peke yake."

Hilo ndilo doa langu. Neno moja, na sabuni mikononi.

Walimbeba kwenye godoro mpaka kwenye gari la kukodi. Fundi alishika upande wa kichwa. Nami nikashika shuka lisiburuze. Mlangoni Mama alinikamata upindo wa gauni kwa mkono wa kushoto, akanitazama, kisha akamtazama mumewe. Akasema kwa shida, lakini kila mtu alisikia:

"Ninyi nyote mnakaa mlangoni."

Tulidhani anatulaumu kwamba hatukukaa naye vya kutosha. Binti yake hata alimjibu, "Sasa nitakaa nawe mimi, mama." Gari likaondoka.

Wiki tatu baadaye malaria ikamwangusha Fundi. Chumba chake cha nyuma kilikuwa kinavuja, akahamia kitanda cha Mama. Spika aliiacha ikiimba. Sijui kama ni kwa mazoea au kwa sababu nyumba bila ile kwaya ilikuwa kama imekufa. Mchana nikampelekea uji. Nilipofika mlangoni alikuwa amelala chali, macho wazi, jasho limemlowesha, na mkono mmoja ameubandika ukutani nyuma ya kichwa.

"Mwalimu," akasema, "weka uji chini. Njoo uweke kichwa chako hapa."

Nilidhani ni homa. Nikasitasita pia, kitanda cha watu. Akajizungushia blanketi, akainuka kwa kushikilia ukuta, akaenda kukaa kwenye kigoda changu na kunigeuzia mgongo ili nisione haya. Nikalala. Nikaweka kichwa kwenye mto.

Wanawake waliimba ubeti wao, vizuri. Kisha wanaume wakaingia, wakashuka kwenye ile noti yao ya chini kabisa, na ukuta ukaguna. Sina neno jingine, na Mama hakuwa nalo. Ilikuwa sauti moja nene, isiyo na maneno, iliyojaa kwenye fuvu langu na kwenye meno, kama mwanamume mzima amesimama ndani ya tofali anakataa jambo. Ilidumu mpaka noti ilipokwisha. Ikarudi ubeti uliofuata. Nikainuka, nikafika kwenye kigoda, na pale kwenye kigoda hapakuwa na kitu, palikuwa na kwaya nzuri. Nikarudi kwenye mto. Alikuwepo.

"Magunia," Fundi akasema kwa mgongo wake. "Magunia ndiyo yaliyokuwa yakimmeza. Yalipoondoka, sauti ikawa inagonga ukuta huu na ule na kujazana hapo, kwenye kona, usawa wa kichwa chake tu. Hatua moja kutoka hapo inajifuta. Ningemsogeza futi mbili, Mwalimu. Kitanda futi mbili. Basi."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, ya kulala mahali pa mtu baada ya kumwambia hakuna kitu. Niliketi sakafuni nikalia, na yeye alikaa pale na blanketi lake akitetemeka, hakunibembeleza.

Homa ilipopungua alipima upya, maiki imelala juu ya mto. Kile kilima kilipanda mpaka kikatoka nje ya daftari. Akabandika karatasi ya pili juu ya ile ya kwanza ili kipate nafasi, nacho kikaingia kwenye ya pili. Akazikunja, akavaa koti lake la kanisani, akapanda basi la Kibondo kumpelekea mkewe.

Aliporudi, sikumwuliza. Alinieleza mwenyewe baada ya siku kadhaa, akiwa anavunja duka lake rafu kwa rafu. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamfungulia karatasi, akamwonyesha kilima kwa kidole. Akamwambia, "Ulikuwa sahihi. Huyu hapa." Mama, na zile dawa zimemfanya mzito, aliitazama karatasi muda mrefu. Kisha akamwuliza, "Sasa unaniamini mimi, au karatasi?"

Aliponieleza hayo akaendelea kufungua skrubu. Mwisho wa mwezi alihamia Kibondo. Boksi la mninga aliliacha kwangu, na sikuwahi kuliwasha.

Mwaka uliofuata barua yangu ya uhamisho ilijibiwa. Miaka saba nimeiomba, na ilipokuja niliishika kama taarifa ya mtu mwingine. Basi la kutoka Kasulu linapita Kibondo. Nikashuka pale na mabegi yangu, nikikusudia kulala kwa mwalimu mwenzangu na kuondoka na basi la asubuhi.

Nilimkuta Fundi kwa binti yake, amekonda. Anatengeneza chaja za simu sokoni asubuhi, mchana wote yuko nyumbani. Sikuona spika popote. Kitanda cha Mama kilikuwa katikati ya chumba, katikati kabisa, mbali na kila ukuta, na watu wa nyumba ile wanapita wamejibana kukizunguka kama wanavyozunguka meza ya wageni. Binti alinong'ona, "Mwalimu, zungumza na Baba. Hataki tukisogeze hata kidogo. Tunagonga magoti humu." Dawa za akili waliziacha, aliniambia, lakini Mama hakuwahi kurudi kama zamani.

"Mwakeye, Mama," nikamsalimu kwa Kiha.

Alinijua. Alininyooshea mkono wa kushoto. Tulikaa, Fundi upande mmoja, mimi upande wa pili, tukaulizana habari za Heru Juu na mahindi. Kisha Mama akakunja uso, akageuza macho juu.

"Bado yupo," akasema.

Binti alishusha pumzi mlangoni. Mimi nilimtazama Fundi. Chumba kilikuwa kimya. Hakukuwa na kwaya, wala besi, na kuta zilikuwa mbali. Simu yake ilikuwa kwenye mfuko wa shati, ile yenye programu, nikaona mkono wake ukinyanyuka kuelekea mfukoni, ukafika nusu, ukateremka. Akavua viatu. Akajilaza taratibu kando ya mkewe, mzee wa watu, akaweka kichwa kwenye mto sikio lake likigusa la Mama, akafumba macho kama alivyokuwa akifanya kwenye makochi ya watu. Tulingoja. Nje mtu alipita na baiskeli. Tulingoja sana, mpaka binti akaenda zake jikoni.

"Simsikii," Fundi akasema mwisho. "Lakini mimi nimelala hapa muda mfupi. Wewe ndiye unayekaa."

Uso wa Mama ulikunjuka kidogo, upande wa kushoto.

Fundi akainuka akaniachia nafasi bila kuniambia. Nikafungua viatu vyangu vya safari.

"Unamsikia?" Mama akaniuliza, kabla hata sijatulia.

Kule Kasulu, nikiwa kwenye kigoda, nilikuwa nikimjibu kabla hajamaliza swali.

"Bado, Mama," nikasema. "Nisogezee mto."

Akausukuma kwa mkono wake mmoja, nami nikalala.